Bi Phelesia na Mto Uliovunja Kingo

Tarehe 30 Novemba 1968, Bi Phelesia Aoko, mkunga mkuu wa hospitali yetu hapa Homa Bay, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Mmeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nilikuwa mwalimu wa hospitali tangu alipoajiriwa. Lipo jambo moja ambalo nimemficha muda wote huo. Daktari ameniambia moyo wangu hautafika mvua za masika, kwa hiyo nitaliandika humu humu, nikishampa sifa zake.

Alianza kama mfagiaji wa wodi. Kila neno la kitabibu alilolisikia alilishika mkia akalivuta: limetoka wapi, na nani alilisema kwanza? Madaktari walimkwepa. Wiki yake ya kwanza alinijia na fagio mkononi.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "hemoraji ni nini?"

Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia, na Kigiriki kilikuwa bado kinaniwasha ulimini. Nikamweleza kwamba ni kutokwa damu nyingi kwa ghafla, kiasi cha kuua. Neno lenyewe lina vipande viwili vya Kigiriki: cha kwanza ni damu, cha pili ni kupasuka. Akaegemea fagio, akafikiri.

"Kumbe ni kama Mto Kuja ukivunja kingo kule Nyatike. Mto ukivunja kingo hakuna anayeuliza nani amekosa. Watu hushika majembe."

Ndipo akaniambia kwa nini aliuliza. Mwaka wa nzige, kwao Lambwe, mama yake alijifungua na damu ikakataa kukoma. Daktari alifika kwa lori akakuta amekwisha kufa. Wazee walipouliza kilichomuua, mkalimani wa daktari alijibu, "Ni hemoraji," akapanda lori. Hakuna aliyelijua neno hilo. Wazee wakakata shauri kuwa ni jina la kizungu la chira, adhabu ya aliyevunja mwiko. Watu wakaacha kula katika boma lao, na baba yake akahama na watoto.

"Siku nikimpata yule mkalimani," akasema, "nitamuuliza moja tu: wewe mwenyewe ulijua maana yake?"

Jumapili hiyo alikwenda Lambwe kuwaeleza wazee habari ya mto. Kabla ya mavuno baba yake alikuwa amejenga tena kwao.

Phelesia akasomea ukunga. Katika wodi yake hakuna anayelitaja neno hilo refu mbele ya mama mzazi. Husema "Mto!" tu, na kila mwanafunzi anajua kazi yake: huyu anainua miguu ya kitanda, yule anasugua tumbo la uzazi lijikaze, mwingine anamkimbilia daktari. Alifundisha hivyo Macalder, kwa wake wa wachimba dhahabu, na Kehancha, ambako mkunga wa jadi, Nyamoita, alimcheka mbele ya watu: "Nilipokea watoto kabla hujaota meno, wewe! Leo unanifunza mto?"

Kabla Phelesia hajaondoka Kehancha, mkokoteni wa ng'ombe uliingia zahanati. Nyamoita alikuwa amepiga magoti juu yake, mikono miwili juu ya tumbo la mama aitwaye Bhoke, akipaza sauti tangu langoni, "Mto! Mto, dada yangu!" Bhoke atakuwepo kwenye sherehe ya kumuaga Phelesia, pamoja na binti yake.

Upungufu wake ni mmoja. Ugali wake una madonge, na ukimwambia hujibu kwamba hajaona bado hemoraji ya madonge.

Phelesia, sisi sote tuliofanya kazi nawe tunakushukuru. Nenda Lambwe ukalime, Mungu akupe afya, na wajukuu wakusumbue kwa maswali kama ulivyotusumbua sisi.

Na lile swali lako, uliloniuliza bila kujua unamuuliza nani. Mkalimani aliyepanda lori ni mimi. La, sikujua.