Bazilio Tharsisi Buhinja, Fundi Aliyerudi Kusahihisha Jina

Wasifu huu unasomwa na Generoza Bazilio, mtoto wa tatu wa marehemu, Kibondo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025.

Marehemu baba yetu, Mzee Bazilio Tharsisi Buhinja, alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 katika kijiji cha Kasanda, wakati huo kikiwa Wilaya ya Kibondo na sasa Wilaya ya Kakonko. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Tharsisi Buhinja na Mama Anjelina, wakulima wa maharage na mihogo. Alibatizwa akiwa na wiki tatu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Mwaka uliofuata baba yake alimpeleka Kasulu mjini kujifunza ushonaji kwa Mzee Gharibu, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani. Aliishi katika nyumba ya Mzee Gharibu miaka mitano, akila sahani moja na watoto wa nyumba ile, Saady na dada yake Asmahani. Suruali ya kwanza aliyoishona baba peke yake ilikuwa na miguu yote miwili ya kushoto. Mzee Gharibu hakumkaripia. Alimwambia, "Vaa mwenyewe, Bazili. Mteja hana kosa." Baba aliivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na hadi uzeeni alikuwa akiisimulia huku akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Novemba 1978, vita ya Kagera ilipoanza, baba aliitwa pamoja na mgambo wengine wa Kasulu. Saady Gharibu alikuwa amekwisha kujiunga na jeshi, na kwa bahati wakajikuta kikosi kimoja. Wakubwa walipojua kwamba baba ni fundi, walimpa cherehani cha mkono na kazi ya kushona nguo za askari zilizochanika. Ndiyo maana alikuja kupewa kazi nyingine ambayo hakuiomba. Baada ya mapigano, pale marehemu alipokuwa hatambuliki kwa sura, baba aliitwa kutazama nguo. Aliujua mkono wake. Alijua kiraka kipi alimshonea nani, na kwa uzi gani. Aliitwa mara nne.

Mara ya nne ilikuwa Februari 1979, kwenye njia ya kwenda Masaka. Askari huyo alikuwa amelala kwenye mvua siku nyingi kabla ya kupatikana. Shati lake lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko cha kulia, kilichoshonwa kwa uzi mweupe kwa sababu wa kijani ulikuwa umekwisha. Baba alipiga magoti, akakigusa, akasema, "Huyu ni Saady." Jina likaandikwa. Siku hiyohiyo askari mwingine wa kikosi hicho, Niyonkuru, mkulima wa Kitanga, aliandikwa kuwa hajulikani alipo.

Vita ilipokwisha, baba mwenyewe ndiye aliyempelekea Mzee Gharibu habari. Miaka michache baadaye Mzee Gharibu alisafiri hadi mkoani Kagera, kwenye makaburi ya wanajeshi, akasimama mbele ya jiwe lenye jina la mwanawe na kusoma Fatiha. Alifariki akiwa ameridhika kwamba anajua mtoto wake alipolala.

Tarehe 3 Oktoba 1981 baba alifunga ndoa na mama yetu, Editha, hapa Kibondo. Walijaliwa watoto sita. Alifungua duka la ushonaji karibu na soko, na wengi waliopo hapa leo walivaa sare za shule alizozishona. Ndani ya kola ya kila sare alishona jina kamili la mtoto kwa mkono, bila kuulizwa. Wateja waliokuwa na haraka walilalamika. Yeye aliwajibu, "Kaa kidogo, namalizia jina." Kuanzia mwaka 2017 hadi kambi ya Mtendeli ilipofungwa, alikwenda huko siku mbili kila wiki kufundisha vijana wa Kirundi kushona. Mmoja wao, Nduwayezu, ndiye aliyeshona suti anayozikwa nayo.

Lakini familia imekubaliana kwamba wasifu huu usiruke jambo lililotokea mwaka 2004, kwa sababu baba hakuliruka.

Mwezi Julai mwaka huo alikuja sokoni mnunuzi wa maharage aitwaye Athuman. Aliingia dukani kushonewa mfuko wa suruali, wakatambuana. Walikuwa kikosi kimoja. Athuman alijeruhiwa Februari ile kwenye njia ya Masaka na kupelekwa hospitali, kwa hiyo hakuwahi kujua nini kilifuata. Walikaa wakiwataja wenzao mmoja mmoja, mpaka baba akasema alimtambua Saady kwa kiraka cha uzi mweupe.

"Kiraka cha kiwiko?" Athuman aliuliza. "Bazili, shati lile Saady hakuwa nalo. Asubuhi ile Niyonkuru alikuwa na homa, shati lake limelowa chapachapa. Saady akavua lake kavu akampa. Yeye akavaa koti la mvua tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale."

Baba aliacha kushona. Mama anasema alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya kuzaliwa mtoto.

Alimweleza mama kila kitu. Mama alimuuliza, "Unataka kumpa mmoja na kumnyang'anya mwingine? Mzee Gharibu amekwisha kufa na amani yake. Asmahani ametulia. Nani anakudai hili?"

"Hakuna," baba alijibu. "Lakini mimi ndiye niliyesema ni Saady."

Kwanza alikwenda Kitanga. Alimkuta mke wa Niyonkuru, Mama Maximilla, analima shamba la wazazi wake. Kwa miaka ishirini na mitano watu walikuwa wamemwambia kwamba mume wake alitoroka vitani, kwamba yuko Uganda na mke mwingine. Ndugu za mume walikuwa wamemwondoa kwenye kiwanja. Baba hakumweleza lolote la shati. Alimuuliza jambo moja tu, kwa Kiha: mguu wa mumewe ulikuwaje?

Mama Maximilla aliegemea jembe lake. "Wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho," alisema. "Alijikata na jembe mwaka tuliooana. Wewe umeujuaje?"

Baba alikaa chini kwenye udongo. Mwaka 1979, walipomvua marehemu viatu ili wamzike, alikuwa ameona kwamba kidole hicho hakipo. Aliona, akadhani ni vita, akanyamaza, kwa sababu kiraka kilikuwa kimekwisha kumpa jibu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alituambia mara nyingi, "Mguu ulikuwa unaniambia, mimi nikasikiliza shati."

Kutoka Kitanga alikwenda Kasulu mjini, dukani kwa Bi Asmahani. Bi Asmahani alimsikiliza hadi mwisho.

"Kaka Bazili," alisema, "baba yangu alisafiri akasoma Fatiha pale. Alimsomea nani?"

"Alimsomea askari wa Kitanga."

"Na Saady yuko wapi?"

"Sijui, dada."

Bi Asmahani aliinuka, akaingia ndani na kushusha pazia. Hakuzungumza na baba kwa miaka minne.

Baba na Athuman waliandika maelezo yao na kuyapeleka kwa wahusika jeshini. Walisikilizwa kwa heshima. Lakini jina lililokwisha kuandikwa kwenye jiwe halifutwi kwa neno la watu wawili. Ilihitajika saini ya familia zote mbili. Mama Maximilla alitia dole gumba. Karatasi ya Bi Asmahani ilikaa bila kuguswa. Baba hakwenda kumsihi. Alisema hana haki ya kumharakisha.

Aprili 2008 Bi Asmahani alipanda basi peke yake hadi Kitanga. Hatujui yote waliyozungumza na Mama Maximilla. Tunajua kwamba alilala huko siku mbili, na kwamba aliporudi hakushukia Kasulu bali alikuja moja kwa moja hapa Kibondo, na vumbi lake la safari. Alisimama mlangoni pa duka akasema:

"Yule mama ameambiwa miaka yote hii kwamba mume wake ni mtoro. Kaka yangu hajawahi kuitwa mtoro hata siku moja. Nipe kalamu."

Julai 2009 walikwenda mkoani Kagera wote watatu. Jiwe lilikuwa na jina jipya. Mama Maximilla, ambaye hakusoma, alimwomba baba ampitishe kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, huku akizitaja. Walipomaliza, baba alimuuliza Bi Asmahani afanye nini kuhusu dua aliyoisoma Mzee Gharibu mahali pale. Bi Asmahani alijibu, "Iache hapa hapa. Dua hairudishwi." Waliporudi, wazee wa ukoo wa Niyonkuru walikaa kikao, na Mama Maximilla akarudishiwa kiwanja chake. Yuko hapa leo, na wanawe wawili.

Baba pia alizitafuta familia za wale watatu wengine aliowatambua. Aliwauliza juu ya makovu, meno na vidole. Majina yao yalisimama.

Saady hajapatikana. Mwaka 2012 baba na Athuman walivuka mpaka, wakatembea njia ile ya Masaka kwa siku tisa, wakiuliza wakulima kama kuna aliyewahi kuona kaburi au koti la mvua. Watu waliwapa maji na ndizi. Hakuna aliyejua. Baada ya hapo aliandika barua kwa kila askari mwenzake aliyepata anwani yake. Nyingi hazikujibiwa.

Mwishoni mwa mwaka 2023 baba alianza kuugua kisukari, na baadaye figo zikashindwa. Alitibiwa hapa Kibondo, kisha Kigoma mjini. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Mwezi uliopita Bi Asmahani alikuja kumwona wodini. Mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji.

"Sikumpata, dada," baba alimwambia.

"Najua," alisema Bi Asmahani. "Ulitafuta. Sasa kunywa uji."

Akachukua kikombe mkononi mwangu, akamnywesha mwenyewe.

Baba alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, Mama Editha, watoto sita, wajukuu kumi na saba, vitukuu wawili, na kaka mmoja, Mzee Tharsisi mdogo wa Kasanda. Ameacha pia dada. Jana, kabla karatasi hii haijapelekwa kuchapwa, tulimsomea Bi Asmahani Gharibu ili aridhie yaliyoandikwa humu. Alisikiliza yote, hakubadilisha neno, ila aliuliza kwa nini hakulisikia jina lake tulipowataja ndugu wa marehemu. Tumeliandika.

Mungu ampokee fundi wetu Bazilio, na ampe pumziko la amani.