Jina la Gentille na Sahihi Arobaini na Tatu

Mgeni rasmi, Mama Mkaguzi wa vyuo; Papa Mkurugenzi wa chuo chetu; walimu wetu; wazazi mliopanda kilima hiki kwa miguu kwa sababu barabara ya kutoka Kirotshe imekatika tena; wanafunzi wenzetu:

MAKARIBISHO

Sisi wanachama wa Kundi la Mazungumzo Tusikilizane tunakupokea kwa heshima. Tungependa kukupokea kwa wimbo, lakini aliyekuwa akituanzishia nyimbo, dada yetu Gentille, hayupo, na habari zake ndizo zilizotuleta mbele yako.

Hii ni risala yetu ya tatu. Mkaguzi wa kwanza aliipokea ile ya kwanza kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, tusisikie neno. Wa pili alisema angeisoma ile ya pili akifika Goma. Kwa hiyo safari hii hatukutafuta maneno ya kupamba. Tumeandika mambo yalivyokuwa, na tunakuomba utuvumilie mpaka mwisho.

TULIVYOANZA

Gentille alitoka Pinga, kule Walikale, akiwa na mkoba mmoja na daftari za kaka yake. Alipokuwa mwaka wa kwanza wa kilimo, wasichana wawili wa chumba chake, Msabato na Mkatoliki, walimaliza wiki tatu bila kusalimiana kwa sababu ya sufuria ya maharage iliyopikwa siku ya Sabato. Gentille alichoka kulala katikati ya watu wawili walionuniana. Aliwaketisha kwenye benchi, akasema kila mmoja aeleze imani yake, na mwenzake asijibu mpaka arudie kwanza alichosikia, na msemaji akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ilichukua alasiri nzima. Hawakukubaliana, lakini jioni walikula pamoja.

Wengine wakaomba kuja. Benchi likawa dogo, tukapewa ukumbi kila Jumatano, na sheria ya kurudia ikabaki.

TULIYOFANIKIWA

Katika miaka miwili tulipokea wageni kumi na mmoja. Alikuja padri, wakaja wachungaji wa makanisa ambayo hayaelewani. Alikuja imamu kwa pikipiki kutoka Sake, akajibu maswali yetu kwa saa mbili akiwa bado na matope kwenye kanzu. Alikuja baba mmoja wa Walikale anayeshika mila za wazee wake, na wengine wetu tukaenda kuungama dhambi ya kumsikiliza. Hakuna mgeni aliyetukanwa. Wazazi wetu ni watu waliokimbia nyumba zao mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu, na kwetu sisi, kukaa chumba kimoja na mtu usiyekubaliana naye, kisha kila mtu arudi kwake mzima, halikuwa jambo dogo.

MGENI WA KUMI NA MBILI

Gentille ndiye aliyempendekeza Papa Esdras. Papa Esdras alikuwa mchungaji upande wa Kirolirwe kwa miaka kumi na minne, kisha siku moja akaweka Biblia juu ya mimbari, akatoka, asirudi. Watu walisema amekuwa adui wa Mungu.

Aliyepinga zaidi alikuwa Marcellin, kiongozi wa kikundi cha maombi hapa chuoni. Aliandika barua kwa uongozi akiomba mgeni huyo azuiwe na Gentille aadhibiwe, akatia sahihi ya kwanza, kisha akapita chumba kwa chumba mpaka zikatimia arobaini na tatu. Mgeni rasmi, tunasema haya tukiwa na ruhusa yake. Marcellin ndiye anayekusomea risala hii.

Kabla ya siku ya mkutano, Gentille alimfuata bombani, wakati anafua nguo.

"Kaka Marcellin, nasikia unatembeza karatasi."

"Njo hivyo. Muntu mwenye aliacha Mungu iko na nini ya kutufundisha?"

"Sijue. Njo maana tunamwita."

"Wewe unaimba mu korali, dada. Hauogope?"

"Naogopa kuliko wewe," Gentille akasema. "Usiku nafikiri, kama atasema kitu na nikose jibu, nitaimba namna gani siku ya Mungu? Lakini nikimukimbia, nitabakia namukimbia tu. Kuya ku mukutano, umuulize wewe. Uko na maneno mingi kuliko mimi."

Akamsaidia kukamua shuka, akaenda zake. Marcellin anasema angepata nafuu kama Gentille angemkasirikia.

Jumatano ilipofika, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Papa Esdras hakuwa kama tulivyomtazamia. Ni mtu mfupi, sauti yake ndogo. Alisimulia kwamba binti yake Shekinah alipopata homa, yeye mwenyewe alimfungia katika chumba cha maombi na kukataza asipelekwe hospitali, kwa sababu alikuwa amehubiri kwamba mwenye imani hahitaji dawa, na waumini walikuwa wanamtazama. Siku ya tatu mtoto alifariki.

"Hakuna shetani mwenye alifanya vile," akasema. "Mimi njo nilikataza. Leo sijue kama Mungu iko. Lakini najua mulango nilifunga mimi."

Marcellin alisimama wa kwanza kujibu. Kwa sheria yetu, ilimpasa arudie kwanza. Akaanza vizuri: "Papa amesema mutoto wake aligonjwa. Papa amesema alikataza..." Tulidhani amesahau. Papa Esdras akamngojea. Marcellin akajaribu tena, akafika palepale, akaketi.

Hatukujua kwamba mama yake, Mama Agathe, mgonjwa wa sukari, alikuwa siku ya tisa katika chumba cha maombi kijijini kwao, ameacha dawa. Nabii wa chumba hicho alikuwa amemwambia azitupe. Mama alimpigia mwanawe simu kumuuliza, naye Marcellin akamjibu, "Tii, mama."

Kesho yake alfajiri alipanda pikipiki. Walinzi wa chumba walimwambia anavunja mfungo wa watu. Alimbeba mama yake mgongoni mpaka barabarani, na mama njiani alikuwa hamtambui mwanawe, anamuuliza yeye ni nani. Hospitalini mama alilazwa siku kumi na saba. Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Yuko hai, msimu huu amepanda maharage.

SHIDA

Watu wa kile chumba cha maombi waliudhika. Waliandika chuoni kwamba kundi letu linatoa vijana kwenye imani. Uongozi wa wakati ule ulitafuta ushahidi, na ushahidi ukapatikana tayari katika sanduku la ofisi, ulikowekwa bila kujibiwa: ile barua ya Marcellin yenye sahihi arobaini na tatu. Ukumbi ulifungwa. Gentille aliondolewa chuoni kwa kosa la kuvuruga amani ya waumini.

Marcellin alikimbilia ofisini, akasema, "Ile barua ni yangu. Naomba niirudishe."

Karani, ambaye si mtu mbaya, alimjibu, "Kaka, barua ikisha pigwa muhuri si yako tena."

Alikwenda mara sita. Thelathini na wanane kati ya waliotia sahihi wameandika kuzifuta. Wengine watano walishahama na wazazi wao, hatujui waliko. Hakuna aliyetujibu. Tumechoka, mgeni rasmi. Haki ya kulalamika tunayo, lakini tumelalamika mpaka sauti zetu wenyewe zimetukinaisha.

Gentille yuko Pinga, analima muhogo na mama yake. Marcellin alimfuata huko kuomba msamaha. Alimkuta shambani. Gentille alimsikiliza huku analima, kisha akasema, "Nilikuwa na hasira yako mwezi mzima. Sasa niko tu na hamu ya masomo. Mama iko namna gani?" Alipoambiwa anatembea, aliweka jembe chini, akakaa, akalia. Marcellin naye akakaa. Baadaye walimaliza tuta lile pamoja.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba. Tumeyafuta tukabakiza mawili.

La kwanza, jina la Gentille lirudishwe kwenye orodha kabla ya uandikishaji kufungwa mwezi ujao. Uandikishaji ukifungwa bila jina lake, utakuwa mwaka wa pili anaupoteza. Ukumbi tunaweza kuungoja.

La pili ni la Marcellin peke yake, nasi tumemkubalia baada ya kubishana naye sana. Anasema: kama sheria inataka lazima mtu mmoja aondolewe kwa ajili ya barua ile, basi aondolewe mwenye sahihi ya kwanza. Amekwisha kuandika hivyo, na karatasi yake imebanwa nyuma ya risala hii.

Tunakuombea safari ya amani, mvua isikukute mlimani, na Mungu, kwa jina lolote unalomwita, awatunze walio nyumbani kwako.

Ni sisi,
Kundi la Mazungumzo Tusikilizane.
Waliohudhuria: kumi na tisa.
Asiyekuwepo: mmoja.