Kasi ya Kisu Kwenye Mvule

Assalaam alaykum, mafundi wenzangu. Mniwie radhi, nitasema nimekaa. Nshachoka, na hili nililokuja nalo limenichosha kuliko kazi yenyewe.

Wengi mnanijua kwa milango. Miaka mingi nlichonga kwa patasi, mpaka mkono huu wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzo nlisema baridi. Ndugu zangu, nawaambia, baridi gani hapa mtaani kwetu Ng'ambo? Hospitali wakanambia ndio basi, hautatulia tena. Nlilia kama mtoto. Mke wangu akafunga mlango wageni wasinione.

Mpwa wangu aliyeko Dubai ndiye aliyenipa fikra ya mashine. Alipokuja likizo tukaiunga ukumbini kwangu: vyuma, mota ya kuzungusha kisu, na kompyuta kuukuu ya kuiongoza. Unachora ua kwenye kompyuta, kisu kinalichonga kwenye ubao, mkono hauna kazi. Nikajiona fundi tena. Lakini hapa sikumwambia yeyote, haya zilinishika. Nyie mnamcheka mtu anayenunua mpini wa dukani, seuze mashine!

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa mvule. Kisu kikapapura ubao. Kingo za maua zikatoka nyuzinyuzi, na visu viwili vikakatika asubuhi moja. Nikabadilisha ubao, yale yale. Mwenye mlango akaja, akapitisha kidole, akaniuliza, "Fundi, hili ua au limetafunwa na panya?"

Nikamwambia mbao mbichi. Neno lilinitoka tu, kwa kuona aibu. Kisha nikaja nikalisema hapa hapa, kwenye mkutano wetu, na aliyeniuzia mbao zile alikuwapo. Sitamtaja. Mnakumbuka wenyewe: toka siku ile mkenda kwake mnazigonga, mnazinusa, wengine mpaka wakatiwe kipande kwanza. Naye mtu mzima anasimama, anakutazameni tu.

Mpwa wangu akaniletea kipima mizunguko, kijidude unachokielekeza kwenye mota kikakuhesabia inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kompyuta inasema elfu kumi na mbili, kijidude nacho elfu kumi na mbili. Basi nikauamini uongo wangu mwenyewe. Mashine haina kosa, kosa la mbao.

Sasa, dada yangu ni fundi cherehani. Kompyuta hajui hata kuiwasha. Siku moja kaja kututazama, kanikuta nnapima.

"Unaipima inashona au inakimbia bure?" akaniuliza.

"Dada, hii si cherehani."

"Haya. Mie cherehani yangu ya mota nikiikimbiza bila kitambaa inaruka. Nikiitia turubali inalia. Lakini weye ndiye mjuzi."

Akanywa chai yake, akaondoka. Mie nimenuna.

Kesho yake nikapima kisu kikiwa ndani ya mvule. Elfu nane! Nikapima tena, elfu nane kasoro. Mota ilikuwa ikielemewa na ubao mgumu, kisu kinararua badala ya kukata, na kompyuta haina habari.

Kurekebisha kulinitoa jasho. Kila kasi lazima uichongee mstari kwenye kipande cha ubao, uipime, uandike tofauti. Na mie nikibonyeza herufi moja, mkono unabonyeza tatu. Mpwa wangu akanielekeza kwa simu nitengeneze makro, yaani maagizo unayoyaandika mara moja ukayapa jina, kisha ukibonyeza kitufe kimoja mashine inayafuata yenyewe. Yangu inachonga mstari, inaningoja niandike kipima kimesoma ngapi, halafu inaweka hesabu ya kuiongeza mota ili isipungue kasi ndani ya ubao. Pale mota inaposhindwa kabisa, kisu kinapunguziwa mwendo wa kupita kwenye ubao. Wiki tatu nliiandika, kwa kidole kimoja cha kushoto.

Ilipokamilika nikatia kipande kilichobaki cha mbao zile zile. Ua likatoka safi. Mke wangu akapiga kigelegele. Mie sikufurahi, maana nlijua pale pale nimemfanya nini mwenzangu.

Namshukuru mpwa wangu, na mke wangu aliyevumilia vumbi la ukumbini. Dada yangu nshamtaka radhi, akanicheka. Nnalokuachieni ni hili: mashine ipimeni ikiwa kazini. Na kazi ikikuharibikieni, anzeni kutazama kwenu kabla hamjamtaja mtu.

Na wewe uliyekaa kule dirishani. Mbao zako zilikuwa kavu. Nnalijua hilo mwaka mzima sasa, na kila mkutano nnakupa mkono huu, nawe unaupokea kwa mikono yako miwili ili watu wasiuone unatetemeka. Nisamehe, mbele ya hawa hawa walionisikia.