Wilibrodi Evaristi, Fundi Aliyeachwa Jangwani

Wapendwa waombolezaji, mimi Marselino, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa tuyazike pamoja naye leo.

Marehemu Wilibrodi Evaristi alizaliwa Malangali tarehe 14 Machi 1938, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1951, kisha mwaka 1955 akawa utingo wa lori la kwenda Kasanga, bandarini ziwani, na kwa kuteremka mlima wa kushukia huko kila wiki akaujua ufundi kuliko waliousomea. Mwaka 1962 aliajiriwa katika karakana moja mjini hapa Sumbawanga, na tarehe 7 Septemba 1963 alifunga ndoa na Cornelia, wakajaliwa watoto watano, wote wapo hapa.

Mwaka 1977 waandaaji wa mashindano ya magari ya kuvuka Jangwa la Sahara walitafuta watu waliozoea njia mbovu, akachaguliwa Andwele, mkuu wa karakana, awe dereva, na kaka awe fundi wake, tukawasindikiza kwa ngoma. Siku ya tisa, tarehe 18 Februari, walipoteza alama za njia, springi ikakatika mchangani, na baridi kali ilipoingia jioni kaka akafanya kile anachofanya kila fundi wa huku kwetu Ufipa kwenye baridi ya mwezi Juni, akafungua rejeta na kumwaga maji ili yasigande yakaipasua. Ndiyo, aliyamwaga yeye, hakuwahi kukana, na aibu ile ilimla hadi kufa.

Asubuhi Andwele alibeba galoni pekee la maji ya kunywa, akasema, "Kaa na gari, fundi, kabla ya saa sita nitakuwa nimerudi na msaada." Saa tatu tu aliokotwa na washindani wengine, akawaambia fundi wake amekwishapata gari jingine, akaendelea nao hadi mwisho, akapigwa picha, huku kaka akilala chini ya gari siku tatu, akilamba umande kwenye bodi, kila upepo ukivuma akidhani ni injini, mpaka wachunga ngamia walipomkuta hajitambui. Aliporudi Sumbawanga alikuta mkutano wa karakana umekwishafanyika, Andwele amekwishamwita mhujumu aliyemwaga maji ya gari makusudi, nanyi wenzake wa kazini mmekwishapiga makofi, akafukuzwa kazi, akarudi kulima ulezi na figo zake zilizoharibiwa na kiu ya jangwani.

Mwaka 1980 alianza kuvimba miguu, akalazwa mwezi Mei mwaka huu, akafariki tarehe 3 Agosti 1981, saa nne asubuhi, Cornelia akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kizwite mlioleta kuni na unga, na wale mafundi watatu waliokuja kumwona, ingawa walikuja kwa kujificha. Nawe Mzee Andwele, tumekuona umevua kofia na kusogea karibu na jeneza, unataka kubeba, tunakuomba urudi nyuma, ulimwacha njiani mara moja, inatosha, kaburini tutamfikisha sisi.

Kaka Wilibrodi, pumzika kwa amani, humsubiri mtu tena.