Tenga la Pasaka

Jumamosi Kuu, kwenye Hiace inayopanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, nilikaa nyuma ya mwanamume aliyekumbatia tenga la samaki wakavu. Wenzake wa jumuiya walikuwa wamemtuma, kwa ajili ya chakula cha pamoja cha Pasaka.

"Nani atakupokea na mzigo wote huu?" aliuliza bibi wa pembeni yake.

"Wamempanga Joakim na baiskeli yake. Wamefanya makusudi, mama. Huyo aling'oa miti ya mpaka wa shamba langu la kahawa. Kwaresima hii nimefunga nyama, pombe na kumsalimu yeye."

"Hiyo ya tatu padri hakukutuma. Hata mimi Mwanglikana najua."

"Tenga nitalibeba mwenyewe."

Nililitazama tenga, nikaitazama na shingo yake. Sikuona namna atakavyolibeba.

"Na kesho kwenye sinia moja, utampa mgongo huku unatafuna?" bibi alisema.

Kwenye kituo chake cha kushukia, njiani, Joakim alikuwa anangoja na baiskeli. "Pole na safari," alisema, akashika ukingo mmoja wa tenga. Mwenzake hakuitika, lakini hakuuondoa mkono wa Joakim. Tuliwaacha hapo barabarani, wamelishika wote wawili.