Nimekuja Kuufuta Ushuhuda Wangu wa Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Namshukuru Mchungaji kwa nafasi aliyonipa, na nawashukuru ninyi mliobaki mmekaa, maana jina langu lilipotajwa niliwaona baadhi yenu mkitazama mlango.

Mimi ni Mama Zawadi. Miaka miwili iliyopita nilisimama hapa hapa, katika ukumbi huu wa Spånga tunaoukodi kwa Waswidi, nimevaa kitenge cheupe, nikawaambia kwamba Mungu amenifungua kutoka kwenye dawa za kulevya. Mlipiga makofi, mkaimba pambio mpaka yule baba mwenye funguo akaja kutukumbusha muda. Leo nimekuja kuufuta ushuhuda ule. Haukuwa kweli, ndugu zangu, na umeshaua mtu mmoja. Nimesikia pia kwamba yuko mwingine humu ndani, simtaji wala simtazami, anayejiandaa kufanya kama nilivyofanya mimi. Nasema kwa ajili yake huyo mmoja. Ninyi wengine mtanivumilia.

Nilitoka Uvira, nikakaa kambini Kigoma, halafu nikaletwa Uswidi. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kazi nzuri, niliipenda. Siku moja nilikuwa namwinua mzee mmoja mzito bafuni, mgongo ukalia. Daktari akanipa vidonge vikali vya maumivu, vile vyenye afyuni ndani. Simlaumu, maumivu yalikuwa makali kweli. Lakini siku aliponiambia sasa basi, mgongo ulikuwa umepona na mwili ulikuwa unaendelea kuvidai vile vidonge. Bila kumeza nilitoka jasho, mifupa ikauma, nikatapika, nikashindwa hata kufunga kamba za viatu. Nikaanza kununua kwa watu wanaouza kwa siri uwanjani, kule katikati ya mji. Vidonge vilipoadimika, wakanipa heroini, nikaivuta. Mimi, kiongozi wa kwaya ya akina mama! Kazi ikaniponyoka.

Ninyi mlijua naumwa mgongo. Kila Jumapili mliuwekea mikono, na mgongo wenyewe mzima kabisa! Nani angeniuliza zaidi? Pombe tunaijua. Uchawi tunaujua mpaka tunauona hata pasipo na uchawi wowote. Jambo langu halikuwa na jina kwetu, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kulipa jina.

Basi nikaenda ofisini kuomba msaada. Ofisi zenyewe sizitaji. Nataka tu mwelewe kwamba sheria za hapa zilikuwa zimemgawa mtu kama mimi vipande viwili. Nyumba yake, watoto wake na mwenendo wake ni vya komuni, yaani serikali ya mtaa. Damu yake na dawa zake ni vya mkoa, kule kliniki. Nilikwenda kliniki kuomba ile dawa inayotuliza mwili ili mtu aachane na heroini. Wakaniambia nilete kwanza mpango kutoka komuni. Nikaenda komuni. Mama mmoja mpole sana akaniambia hawezi kuandika mpango mpaka kliniki iseme kwamba nitapokelewa. Nikarudi kliniki. Ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyoishi miaka mitatu! Barua za hapa huandikwa kwa adabu, zinakutakia kila la heri mwishoni, na ukimaliza kuzisoma hujui uende wapi.

Baadaye serikali kuu ikashtuka, maana watu walikuwa wanakufa. Ikatoa fedha na sheria mpya kwamba komuni na mkoa wakae meza moja, wamwandikie mtu mmoja mpango mmoja. Ukaitishwa mkutano mkubwa hotelini, nami nikaalikwa niseme machache kama mtu aliyepitia. Walinibandika jina kifuani, wakanipa kahawa na kimkate cha mdalasini. Wakubwa wakasema neno uratibu mpaka likanichosha masikio. Wakati wa kahawa nikamwona yule mama mpole wa komuni anampa mkono muuguzi mkuu wa kliniki, anamwambia amefurahi kumfahamu. Kumfahamu! Miaka mitatu walikuwa wanaandikiana barua juu yangu, na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Nilienda chooni nikacheka, halafu nikalia.

Hata hivyo kahawa ile ilizaa kitu. Nilipata nafasi kliniki, na komuni wakanipangia nyumba ndogo Hallonbergen, kwa sharti kwamba niendelee na matibabu. Kila asubuhi nilisimama kwenye dirisha la kutolea dawa, muuguzi ananitazama mpaka kidonge kiyeyuke chini ya ulimi. Ijumaa nilipewa vya Jumamosi na Jumapili vya kwenda navyo. Nikaanza kulala. Nikaanza kupika. Zawadi, binti yangu, akaanza kunisimulia mambo ya shule. Niliishi, ndugu zangu, kama mtu mwingine yeyote anayemeza dawa yake ya sukari au ya presha.

Lakini hapa kanisani tunayo desturi yetu. Aliyefunguliwa huleta mbele kile kilichomfunga, akakiacha hapo. Tumeona chupa hapa, tumeona hirizi, tumeona sigara. Mzee Gédéon, kiongozi wetu wa maombi, alipojua habari zangu aliniambia kwamba kidonge kile ni pepo yule yule, amevalishwa koti jeupe la daktari tu. Akasema nikilete mbele, nishuhudie, halafu nifunge siku saba nyumbani kwake, simu imezimwa, bila kutoka nje, ili ushuhuda ushike. Mzee yuko hapa mbele, ananisikia. Sikuja kumvunjia heshima, ni baba kwangu, na alinilisha nilipokuwa sina kitu. Alinipenda. Alikaribia kunipeleka kaburini kwa upendo ule ule.

Jumapili ile nikavileta vidonge, nikashuhudia. Sikilizeni kosa langu, maana hili ndilo nililokuja kusema. Dawa ile haitoki mwilini kwa siku moja. Nilipokuwa nimesimama hapa nimeinua mikono, dawa ya siku zilizotangulia ilikuwa bado inafanya kazi ndani yangu. Nilijisikia mwepesi, nina furaha, sina maumivu, nikadhani ni Roho amenishukia. Kilikuwa kidonge, ndugu zangu! Mlishangilia kidonge, na mimi nikakishangilia pamoja nanyi.

Siku ya tatu mwili ukadai chake. Nilitapika, nikagaagaa sakafuni, na waliokuwa wananiombea wakasema pepo anatoka. Siku saba zikaisha, na Jumatatu sikuweza kusimama. Jumanne nikafika dirishani pale kliniki. Muuguzi akaangalia kompyuta, akaniambia kwa huzuni kwamba nimeondolewa. Kanuni ilisema hivi: ukikosekana zaidi ya wiki unatolewa, na ukitolewa hupokelewi tena mpaka miezi mitatu ipite. Nikamweleza kwamba nilikuwa kwenye maombi. Akasema anaelewa. Sidhani kama alielewa.

Na hapo ndipo nilipouona uratibu ukifanya kazi! Miaka mitatu karatasi ya kunisaidia ilishindwa kuvuka kutoka ofisi moja kwenda nyingine, lakini karatasi ya kunifukuza ilivuka siku ile ile. Wiki hiyo hiyo komuni wakaandika kwamba sipo tena kwenye matibabu, kwa hiyo nyumba nitairudisha. Zawadi akaenda kwa shangazi yake Uppsala. Aliniaga kwa Kiswidi, lugha anayoitumia asipotaka nimjibu, akasema amechoka. Nikarudi uwanjani.

Sasa nitamtaja Pascal. Mjane wake, Mama Grace, ameniruhusu kulisema jina hilo. Alinipa ruhusa jikoni kwake bila kunikaribisha kiti, na sistahili kiti. Ndugu Pascal, mnamkumbuka, fundi magari, mtu wa kucheka. Wakati ule hamkujua kwamba naye alikuwa anakwenda kliniki ile ile. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama watu wasiofahamiana, kila mmoja anamtunzia mwenzake siri. Aliusikia ushuhuda wangu akiwa amekaa pale nyuma. Jumapili iliyofuata akaleta vidonge vyake. Naye akakosekana kliniki, naye akatolewa, naye akarudia heroini kwa kipimo cha zamani wakati mwili ulikuwa umeshakisahau. Alikufa kabla miezi mitatu haijaisha. Mazishini tuliambiwa ni moyo ulisimama. Ndiyo, ulisimama. Moyo wa kila anayekufa husimama! Tukaimba, tukala wali, tukarudi nyumbani, na hakuna aliyesema kitu, na mimi niliyejua nilikuwa wa kwanza kunyamaza. Nina hasira nanyi kwa ajili ya siku ile. Nina hasira zaidi na nafsi yangu.

Siku zile nilikuwa nalala huku na huku. Adhuhuri moja nilianguka kwenye choo cha maduka ya Hallonbergen. Aliyekuwa anasafisha vyoo vile ni Dada Clothilde wetu, huyu Mrundi asiyependa maneno mengi. Alifungua mlango kwa ufunguo wake wa kazi, akanikuta midomo imeshageuka rangi ya bluu. Akanipulizia pumzi mdomoni mpaka gari la wagonjwa likafika. Nilipozinduka hospitalini nilimwona amekaa kando ya kitanda, bado amevaa aproni ya kazi. Hakunihubiria. Aliniambia hivi:

“Mama Zawadi, nimeuombea mgongo wako miaka mitatu, na ushuhuda wako nikaushangilia. Sasa niambie ukweli wote, niombe kitu cha kweli.”

Ndugu zangu, hapo ndipo ukombozi wangu ulipoanzia. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nilimwambia yote, toka mwanzo hadi mwisho, na lile jambo likapata jina lake la kweli.

Clothilde alinitandikia godoro sebuleni kwake. Siku yake ya mapumziko ilipofika alivaa nguo za kanisani, akanishika mkono, tukaenda komuni. Pale mapokezi tuliambiwa tupige simu kwanza. Clothilde akasema asante, akakaa, akaweka mkoba magotini. Wiki iliyofuata tukarudi, akakaa tena. Hakupandisha sauti hata mara moja, na nadhani ndicho kilichowashinda, maana mtu anayepiga kelele wanajua wampeleke wapi. Mara ya tatu yule mama mpole akashuka mwenyewe, akampigia simu muuguzi wa kliniki, wakapanga siku. Tukakaa meza moja watu wanne. Muuguzi akasema wazi kwamba miezi mitatu ni miezi mitatu, hawezi kuipunguza. Clothilde, kwa Kiswidi chake cha kazini, akauliza kama karatasi zote zinaweza kutiwa saini leo, ili miezi ikiisha nisianze tena mwisho wa foleni.

Wale wawili wakatazamana. Yule mama wa komuni akasema, “Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo.”

Wakatia saini. Ukurasa mmoja, majina yao mawili na langu chini. Haya ndiyo ambayo serikali ilikuwa inayatafuta hotelini, na yaliletwa na mfanyakazi wa usafi katika siku yake ya mapumziko! Pascal hakuwa na mtu wa kumkalia mapokezini. Nami nilikuwa namjua, na sikwenda.

Miezi iliyobaki niliivuka kwenye lile godoro, siku nyingine nikianguka, siku nyingine nikisimama, Clothilde akihesabu pumzi zangu kabla ya kwenda kazini. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa nilikuwa dirishani kabla hawajafungua. Tangu hapo ni mwaka na nusu. Nafanya kazi nusu siku katika duka moja la dobi huko Sundbyberg. Zawadi huja Jumamosi. Hajarudi kabisa, na simlazimishi. Nyumba bado naisubiri. Siwadanganyi tena kwamba kila kitu kimekuwa sawa.

Asubuhi ya leo nimemeza dawa yangu. Ndiyo, kabla ya ibada! Nami nimesimama mbele za Mungu bila aibu, maana Mungu huyo ndiye aliyenileta hapa hai. Mlinipigia makofi nilipokuwa nakufa. Nilipoanza kupona mkaacha kunisalimia, kwa sababu ya hicho kidonge. Sielewi bado, na nimeomba nisaidiwe kuelewa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Dada Clothilde, najua atakasirika nikimtaja mara nyingi. Nawashukuru wale wawili waliotia saini, walichelewa lakini walitia. Mama Grace, sikuombi unisamehe leo.

Na wewe niliyekuja kwa ajili yako, sikutafuti kwa macho. Mwamini Mungu, mwamini sana, anaweza kukushika hata ukiwa kwenye foleni ya kliniki. Kama umevileta vidonge vyako leo ili uvitoe mbele, viache mfukoni. Mtu akikuuliza, mwambie Mama Zawadi amekukataza. Ukifika nyumbani weka kidonge chini ya ulimi, kama muuguzi alivyokuagiza, ukae mpaka kiyeyuke, kisha unipigie simu tuombe pamoja. Na kesho nenda dirishani. Kama huwezi kwenda peke yako, nitakusindikiza, tutaingia mlango ule pamoja, na safari hii mtu akituona tutamsalimia.

Amina.