Kompyuta Isiyotaka Wageni

Kasiva alikuwa amekaa nyuma kwenye gari la abiria aina ya probox la kwenda Mbumbuni, kikapu cha ndengu magotini, akiwasikiliza abiria wawili wasiojuana wakibishana kwenye kiti cha mbele yake.

"Mke wangu ana saratani ya damu," mwanamume aitwaye Ndolo alisema, sauti ya mtu asiyelala vizuri. "Dawa zimemaliza kinga yake. Daktari aliweka vipimo vyake kwa kompyuta, ikasema akipata maambukizi mwezi huu, hayo yanaweza kumuua kabla ya saratani. Kwa hivyo hakuna wageni."

"Hata akina mama wa kanisa?" akauliza mama mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Hata wao."

"Na hiyo kompyuta imeokoka?"

"Haijaokoka, mama. Imefundishwa kwa rekodi za wagonjwa waliokufa, basi."

"Kwetu mgonjwa akifungiwa mlango, watu husema ameshazikwa."

"Si waombe wakiwa nje?"

"Nje ni kwa kuku, baba."

Kasiva aliona wote wawili wamesema kweli, na kweli mbili ndani ya gari moja huchosha kuliko mashimo ya barabara.

Gari likasimama kwenye njia ya kwenda kwa Ndolo. Akina mama wa kanisa lake walikuwa wakimngoja hapo na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Ndolo akashuka, mikono mfukoni.

Mkubwa wao akamnyooshea mkono. "Tupeleke tumwone, baba Mutheu. Hatutakaa."

Ndolo akautazama ule mkono, wake ungali mfukoni, akabaki amesimama katikati ya njia.